Mwenye Shughuli Huondoka Mwisho

Mwanga wa Mhandisi Mkuu Swalehe Gwau ulifika koridoni kabla ya tumbo lake, na tumbo lake kabla yake mwenyewe. Kwanza ukuta uligeuka dhahabu, kisha mlango ukajifungua bila kuguswa, kisha wafanyakazi wa Idara ya Sura ya Mji wakainuka vitini kama watoto wa shule ya msingi. Eliwaza Ntandu peke yake hakuinuka. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la gauni, na bila miwani Mhandisi Mkuu alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa kijivu kama watu wote, na doa la mchuzi kifuani.

Alimdharau, wala hakuona haya kumdharau. Mtu anayeheshimiwa na mlango kabla ya kuheshimiwa na watu, alisema moyoni, basi undugu wake ni na mlango.

Gwau alipita akigawa salamu kama anayegawa peremende, akaingia ofisini kwake. Ukuta ukarudi kijivu. Wafanyakazi wakaketi, kila mmoja akijihisi mwepesi kidogo na asijue kwa nini. Eliwaza akavaa miwani yake na kurudi kazini, na mara redio iliyokuwa ikiimba dirishani ikajizima yenyewe. Hapo kila mtu chumbani akajua kwamba mfiwa anaingia.

Aliyeingia ni Siwema, mjane wa Idi Gwau, mdogo wake Mhandisi. Idi alikufa miaka mitatu nyuma. Hata hivyo Siwema alipopita kati ya meza, rangi za chumba zilipauka, karani aliyekuwa akicheka akafunga mdomo, na watu wazima wakainamisha vichwa wakinong'ona pole. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Eliwaza, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Pole nimepewa za kutosha kuezekea nyumba," alisema. "Dada, mimi nataka kuvuliwa."

Singida nzima ilikuwa hivyo siku hizo. Kuta za mji zilikuwa zege tupu na watu walivaa kijivu; rangi, mapambo na heshima vilikaa kwenye miwani. Kila mahali palikuwa na ukurasa wake: soko, mahakama, wodi, ukumbi wa harusi, nyumba ya msiba. Ukivuka kizingiti, ukurasa wa mahali pale ulikubandika lebo mwilini, lebo isiyoshikika wala kunuswa, na miwani ya wenzako, milango na magari vikaisoma, vikajua vikuoneje na vikufanyeje. Lebo ya harusi ilimvika bibi harusi shela. Lebo ya msiba ilipausha rangi, ikakata muziki, ikashusha sauti za waliokaribu. Ukitoka getini, lebo ilibanduka. Ndivyo ilivyopaswa kuwa, na ndivyo wakubwa walivyokuwa wakiusimulia mfumo wao kwenye mikutano.

Siwema alieleza mambo yake bila kulia. Alikuwa muuza kuku, tena wa kienyeji, na biashara ya kuku inataka kelele: mteja amdharau kuku, muuzaji amtetee, wapatane. Kwake yeye hakuna aliyethubutu kumdharau kuku. Mwanzoni watu walinunua kwa huruma, wakalipa bei ya kwanza na kuondoka wakinyata. Baadaye wakaacha hata kununua, maana nani apeleke kwenye kipaimara kuku aliyetoka msibani? Na sasa kulikuwa na fundi mmoja wa mitambo ya upepo, Mnyiramba, mfiwa wa mke, ambaye alikuwa amekwisha kutamka nia.

"Kila akija barazani miwani inamwambia ashushe sauti, asitabasamu," Siwema alisema. "Tunachumbiana kama tunaosha maiti. Juzi ameniambia ananipenda lakini anachoka. Mwezi ujao anahamia mitambo ya Makambako. Ataniacha, na mimi simlaumu."

Eliwaza alimuuliza kama ameshamwona shemeji yake. Siwema aligeuza macho kuelekea ule mlango unaojifungua. Alikuwa amemwona, tena zaidi ya mara moja. Mhandisi Mkuu alimjibu kwamba mfumo una adabu kuliko yeye, na kwamba mjane mwema haoni uzito kukumbuka.

*

Kosa lenyewe halikumchukua Eliwaza muda mrefu kuliona, na alipoliona alicheka peke yake hadi karani akageuka.

Kila ukurasa ulikuwa na maagizo mawili. La kwanza: mtu akiingia, mbandike lebo yenye jina la ukurasa huu. La pili: akitoka getini, mbandue. Kisha ukurasa wenyewe ulipewa saa ya kufungwa, ile iliyoandikwa kwenye kadi ya shughuli. Saa ikifika, ukurasa unafutwa, geti lake linafutwa, na maagizo yake yote yanafutwa pamoja nalo. Wageni wote wanahesabiwa kuwa wamekwisha kutoka, kwa kuwa kadi imesema shughuli imekwisha.

Nani, basi, anayekuwa bado ndani? Eliwaza alijiuliza hivyo akijipiga paji la uso. Ni mwenye shughuli! Ni shughuli gani ya Kiswahili iliyowahi kuisha saa ya kadi? Wageni watakula, watapanda magari, na bibi harusi atakuwa bado anapigwa picha na shangazi wa tatu. Matanga yataanuliwa, ndugu watarudi makwao, arobaini itasomwa, na mjane atakuwa bado amekaa eda ndani ya chumba kile kile. Ukurasa wa msiba wa Idi ulifungwa siku ya arobaini. Siwema alitoka eda miezi mitatu baadaye, akaogeshwa, akavaa nguo mpya, akavuka kizingiti kama mila inavyotaka, na hapakuwa na geti lolote la kumbandua. Mashangazi waliomwogesha walijua kabisa kwamba aliyeingizwa lazima atolewe. Waliosomea mfumo hawakujua.

Aliyeyaandika maagizo hayo alikuwa Swalehe Gwau, enzi akiwa kijana mwenye shahada mpya na viatu vyenye ncha. Aliyanakili kutoka mfumo wa nchi za watu, huko ambako saa mbili ikigonga mgeni anatafuta koti lake, akayaleta Singida bila kubadilisha hata nukta, na akapandishwa cheo.

Hilo lilimchekesha Eliwaza, lakini si kama lililofuata. Alitafuta ni nani wengine waliobaki na lebo za kurasa zilizokwisha kufutwa. Alimkuta mzee mmoja aliyeachiwa huru na mahakama mwaka juzi, ambaye hukumu yake ilisomwa baada ya saa za kazi na mpaka leo maduka yalimfungia milango kama mshitakiwa. Alimkuta mwanamke aliyekuwa bibi harusi kwa mwaka wa tano, mumewe wa kwanza ameshaoa kwingine na shela bado liko kichwani. Na alimkuta Mhandisi Mkuu.

Lebo ya Gwau ilitoka Ukumbi wa Tuzo. Alikuwa mgeni rasmi, akapewa dakika chache za kushukuru, akashika kipaza sauti akakisimulia maisha yake tangu alipozaliwa. Ukumbi ukafungwa yeye akiwa jukwaani, anaendelea kushukuru. Toka siku hiyo akawa anang'aa. Milango ikamfungukia, foleni zikampisha, watu wakaanza kuona busara katika kila alichokohoa. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili walikuwa wamelipaka dhahabu.

*

Eliwaza alimfuata Gwau ofisini kwake mchana ule ule. Alimweleza kwamba tiba ni agizo moja tu, la kuongezwa kwenye kila ukurasa: unapofungwa, wabandue wote uliowabandika, popote walipo. Agizo hilo lingesafisha pia lebo zote zilizokwama. Na lebo ikishabanduka haiwezi kurudi, kwa sababu ukurasa wake haupo tena.

Gwau alisikiliza huku mwanga wake ukicheza darini. Wala hakujisumbua kujifanya hajui.

"Nalijua hilo tangu mwaka ule wa tuzo," alisema. "Unadhani mimi mjinga?"

Eliwaza alivua miwani, akaanza kuifuta.

Mhandisi aliendelea kwa sauti ya baba. Alisema mji umekwisha kuzoea. Alisema heshima ni heshima, haijalishi ilikoingilia. Alisema shemeji yake anaishi katika nyumba ya familia, na akiolewa na huyo Mnyiramba wa mapangaboi, je, nyumba itakuwa ya nani? Kisha akatabasamu, na tabasamu lile ndilo Eliwaza alilolichukia kuliko mengine yote.

"Na baba yako je?" aliuliza. "Mzee Ntandu haendi uwanjani kila jioni? Anavukaje ile barabara?"

 Eliwaza alikuwa ameliona jina hilo kwenye lebo zilizokwama, akalipita haraka kama mtu anayepita kaburi.

"Tuelewane kama watu wazima," Gwau alisema. "Liache agizo lako. Mzee avuke salama, mimi niendelee na kazi zangu, na Siwema tutamzoea. Au kama roho inakuuma sana, liandike, halafu utuweke pembeni wachache. Mimi, baba yako, na wewe mwenyewe ukipenda kung'aa kidogo. Nani atajua?"

*

Mzee Ntandu alikuwa refa wa mpira kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mashabiki wa Singida walimwita kipofu kila Jumapili mpaka Mungu akaamua kuwaunga mkono. Macho yake yalianza kufifia baada ya kustaafu. Alilazwa wodi ya macho, na wodi ikahamishiwa jengo jipya yeye akiwa bado kitandani, amelala. Ukurasa wa wodi ya zamani ukafutwa, na lebo ikabaki naye. Magari yaliisoma yakajipunguza mwendo yenyewe, watu wakamwachia njia. Hivyo kila jioni mzee alivuka barabara ya sokoni akiwa ameinua kidevu, akaenda uwanjani kuwazomea marefa vijana ambao hakuwaona hata kidogo.

Lebo nyingine, ya haki, isingepatikana upesi. Wodi mpya haikuwa ikilaza watu wasioweza kupona, na bila kulazwa hapakuwa na lebo, wala kibali cha kutoka nayo getini. Eliwaza alikuwa amejaribu njia hiyo zamani, akachoshwa na makarani.

Alimweleza baba yake kila kitu wakiwa jikoni, akichambua mlenda. Alitumaini kusikia neno kubwa. Baba huyu ndiye aliyewahi kumtoa nje kwa kadi nyekundu mtoto wa dada yake mwenyewe katika fainali, na ukoo ukamsusa msimu mzima. Eliwaza alikua akijivunia habari ile. Alingoja sasa aambiwe, mwanangu, haki ni haki.

"Niandike pembeni," mzee alisema.

"Baba."

"Mimi peke yangu. Huyo Gwau mwache aumbuke, simtaki. Mimi niandike pembeni."

Eliwaza alimkumbusha fainali ile. Mzee alipapasa meza akitafuta kikombe chake, akakipata, akakishika kwa mikono miwili.

"Siku ile nilikuwa naona," alisema. "Mama, ile barabara mimi naiogopa. Nikiacha kwenda uwanjani nitakaa kwenye kiti hiki mpaka mnizike. Unanielewa?"

Alimwelewa, na kumwelewa ndiko kulikomtia hasira. Alikuwa amejiandaa kumdharau Gwau maisha yake yote, na dharau hiyo ilikuwa imemfaa kama joho. Sasa baba yake alikuwa anaomba kitu kile kile alichokiomba Gwau, na yeye alikuwa anatafuta sababu za kumpa. Sababu zilikuja nyingi tu. Mzee kweli haoni. Mzee hakuiba. Mzee ni mmoja. Nyani haoni kundule, alijiambia, akaacha mlenda nusu na kwenda kukaa barazani.

*

Asubuhi aliandika agizo. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kuandika barua ya posho. Chini yake aliandika jambo la pili: isipokuwa Ntandu. Akaliangalia. Jina la baba yake lilikaa pale likiwa safi, halina mwanga, halimdhuru mtu.

Alimfikiria mzee aliyeachiwa na mahakama, ambaye labda naye ana binti. Binti yule hafanyi kazi Idara ya Sura. Alijiuliza lebo ya Gwau ina tofauti gani na hii, akapata majibu mazuri, yenye akili, na kila jibu lilikuwa na sauti ya Gwau. Mhandisi naye bila shaka alianza hivi, na jina moja tu. Akajiona ameketi pale na ubishi wake wote, mtu wa kudharauliwa kama yeyote koridoni, akalifuta jina la baba yake kabla hajapata jibu jingine zuri.

Mfumo ulisoma upya maagizo ya mji mzima kila siku mchana, watu wakiwa kwenye chakula. Siku hiyo Mhandisi Mkuu alikuwa kwenye ukumbi wa halmashauri, ameongoza kikao tangu asubuhi, na kikao kilikuwa kimepitisha saa yake kama kawaida. Walioshuhudia walisimulia baadaye. Alikuwa katikati ya sentensi, watu wakiitikia kwa vichwa, mara vichwa vikasimama. Diwani mmoja akakunja uso, kama mtu aliyesikia harufu, akauliza kama hoja hiyo haikuwa imekwisha kukataliwa mwezi uliopita. Mwingine akapiga mwayo bila kuziba mdomo. Gwau alipoelekea nje kwenda kufoka, mlango haukujifungua, akaugonga kwa paji la uso. Aliporudi, askari wa getini alimwomba kitambulisho, na alikuwa hana, maana hakuwa amekihitaji kwa miaka.

Eliwaza alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, kwa barua isiyo na salamu. Agizo halikuondolewa. Waliobaki idarani walijua kwamba kuliondoa hakutarudisha mwanga wa mtu yeyote, na kwa kuwa mwanga haukuwa wao, walikwenda zao nyumbani.

*

Baba yake hakusema naye jioni ile, wala asubuhi, wala mchana. Ilipofika saa ya uwanjani alivaa kofia, akachukua fimbo, akatoka. Eliwaza alimfuata. Ukingoni mwa barabara ya sokoni mzee alisimama kwa mazoea, akainua kidevu, akateremsha mguu mmoja. Gari likapita karibu mno kwa kasi yake yote. Akaurudisha mguu.

Eliwaza alimshika kiwiko. Mzee hakukiondoa, ila alikikaza kama ubao. Magari yalipita, na mengine yakapita. Yeye mwenyewe hakuwa na lebo yoyote, alikuwa mwanamke wa kijivu aliyeachishwa kazi, na hakuna aliyepunguza mwendo. Alijaribu kuteremka mara mbili akashindwa. Kamwe hakuwa amefikiria kwamba kuvuka barabara kunaweza kuwa kazi, na aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Dada!"

Siwema alikuwa anakuja kutoka sokoni na tenga la kuku kichwani. Lebo ilipoondoka miwani ilikuwa imemrudishia vazi alilojichagulia miaka mitatu nyuma, khanga ya rangi ya chungwa inayoumiza macho. Redio ya kinyozi aliyempita haikujizima. Alimtazama mzee, akatazama barabara, akaelewa bila kuelezwa. Kisha akaingia barabarani na tenga lake, akanyoosha mkono.

Gari lililokuwa linakuja lilifunga breki likalia. Dereva akatoa kichwa dirishani, mishipa imemsimama.

"We mama, umechoka kuishi? Toa hivyo vikuku vyako vinavyokufa kwa mdondo barabarani!"

Siwema alibaki amesimama, mkono uko hewani.  Eliwaza alidhani atalia, na kweli machozi yalikuwa yanatoka.

"Mmesikia?" aliuliza. "Amenitukana." Akamgeukia dereva, akavuta pumzi ya miaka mitatu. "Mdondo umekushika wewe, na shingo yako ndefu hiyo kama umenyonyolewa!"

Chini ya kelele hiyo Eliwaza alimvusha baba yake. Walipofika katikati, karibu na tenga, mzee alisimama. Alikuwa hajasema neno tangu jana.

"Kuku unauzaje?" aliuliza.

Siwema akamtajia bei. Mzee akasonya.

"Kwa kuku waliokonda namna hii?"

"Umewaonaje wamekonda, mzee, na wewe macho huna?"

Eliwaza alishtuka kwa niaba ya baba yake, lakini mzee alikuwa ameinua kidevu. Alisema yeye amechezesha fainali akiwa na macho mabaya kuliko haya. Akashusha bei hadi nusu. Siwema akatua tenga chini, akashika kiuno, akaanza kuwatetea kuku wake mmoja mmoja katikati ya barabara, na dereva, akiona wana nia ya kukaa, akalala juu ya honi.